Filta za kupimia sumukuvu: jozi tatu nilizojaribu na moja niliyobaki nayo

Herufi B na G katika majina ya sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu wa mazao (aflatoksini), yaani B1, B2, G1 na G2, hazikutokana na jina la mtu wala la kemikali, bali zilitokana na rangi. Baada ya bata mzinga wapatao 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, wataalamu waliichunguza sumu iliyokuwa katika mashudu ya karanga waliyolishwa, wakaitenganisha na kuimulika kwa taa ya urujuanimno. Madoa mengine yaling'aa buluu na mengine kijani, yakapewa herufi za mwanzo za rangi hizo kwa Kiingereza. Tangu hapo upimaji mwingi wa sumu hii umeegemea mng'ao huo, na atakayetaka kuupima kwa usahihi lazima kwanza ajibu swali moja: ni kioo gani kitaruhusu mng'ao wa sumu ufike kwenye kihisi na kuuzuia mwanga mwingine wote?

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wa maabara za chakula, vyuo na vituo vya utafiti ambao, kama sisi, wameona gharama ya fluorimita mpya, yaani chombo cha kupimia mng'ao, na kuamua kutengeneza au kufufua chombo chao wenyewe. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na B1 peke yake isizidi 5. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hii, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara nayo ilipatwa na msiba wa namna hiyo. Kwa hiyo chombo kinachokosea kwa mikrogramu chache kinaweza kupitisha gunia ambalo halikupaswa kufika sokoni.

Chombo chetu ni cha kawaida. Sampuli husagwa, sumu hutolewa kwa methanoli na maji, kimiminiko huchujwa na kupitishwa katika safu yenye kingamwili inayoikamata sumukuvu na kuyaacha mengine yapite, kisha sumu husukumwa nje kwa methanoli safi. Kwa kuwa B1 na G1 hufifia sana zikiwa ndani ya maji, tunaongeza bromini kidogo ili mng'ao urudi. Kuveti, yaani kichupa chenye kimiminiko, humulikwa na taa ya LED ya nanomita 365 (urefu wa wimbi la mwanga wake, ulio wa urujuanimno), na kihisi kimekaa pembeni kwa nyuzi 90. Filta ziko mbili: ya kwanza inasafisha mwanga wa taa kabla haujafika kwenye kuveti, na ya pili inasimama mbele ya kihisi. Kioo cha daikroiki hatukununua, kwa sababu mpangilio wa nyuzi 90 hauhitaji kioo cha kugawa mwanga kama darubini inavyohitaji.

Jozi ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa ya bei nafuu, kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni ambaye sitamtaja. Upande wa taa kulikuwa na kioo cheusi kinachopitisha urujuanimno, na upande wa kihisi kulikuwa na filta iliyoandikwa 450/40, maana yake ukanda wenye kitovu nanomita 450 na upana wa nanomita 40. Maandishi hayo yalikuwa kweli. Tulipoipima katika spektrofotomita, chombo kinachoonyesha mwanga gani unapita kwenye kioo, kitovu kilikuwa mahali pake na upana haukuwa mbali na ulioahidiwa. Mwanga uliopita ulikuwa hafifu, lakini hilo tungeweza kulivumilia. Kasoro ilionekana tulipoweka methanoli na maji bila sumu hata chembe, kwani kihisi kilisoma kiasi ambacho kwa sampuli halisi kingetufanya tuyakatae mahindi.

Chanzo cha kasoro hiyo kimo katika jambo ambalo wauzaji wengi huliandika kwa herufi ndogo, nalo ni kiasi cha mwanga ambao filta inauzuia nje ya ukanda wake. Kipimo chake huitwa OD, na kila namba moja inayoongezeka ni mara kumi. Filta ya OD 4 hupitisha fotoni (chembe ya mwanga) moja kati ya 10,000 ya mwanga usiotakiwa, na ya OD 6 hupitisha moja kati ya milioni. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uihesabu. Taa inayotoa miliwati 10 katika nanomita 365 hutoa fotoni zipatazo trilioni 18,000 kila sekunde. Tuseme moja tu kati ya elfu moja hutawanywa na kuta za kuveti kuelekea kwenye kihisi: hizo ni trilioni 18. Filta ya OD 4 itapitisha bilioni 1.8 kati yake, na ya OD 6 itapitisha milioni 18. Mng'ao wa sumukuvu iliyo karibu na kiwango cha sheria ni mdogo, na bilioni 1.8 za fotoni za bure huufunika kabisa. Karatasi ya filta yetu ilitaja OD 3 kwa wastani, na neno "wastani" ndilo lililopaswa kutushtua, kwa kuwa filta inaweza kuzuia vizuri sana katika nanomita 600 na vibaya katika 365, wastani ukabaki mzuri.

Jozi hiyo ilikuwa na shida ya pili, ambayo watu wa pwani wataielewa upesi. Filta za utando laini hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za madini kama salfidi ya zinki na kryolaiti, zikabanwa kati ya vioo viwili kwa gundi na kuzungushiwa pete ya chuma. Tabaka hizo huvuta unyevu, na unyevu wa Dar es Salaam haupumziki. Baada ya masika moja niliitoa ile filta na kuiinamisha dirishani. Kwenye ukingo, ndani ya pete, palikuwa na doa lenye umbo la mwezi mchanga, likibadilika rangi kama shingo ya njiwa kila nilipoigeuza. Utando ulikuwa umeanza kuachana na kioo. Katikati filta ilikuwa bado nzima, lakini doa la namna hiyo halirudi nyuma, na upimaji unaotegemea kioo kinachobadilika kila mwezi hauwezi kutetewa mbele ya mkulima wala mbele ya mkaguzi.

Filta za utando mgumu ni bidhaa tofauti kabisa, ingawa picha zake kwenye tovuti za mauzo hufanana na zile za kwanza. Tabaka zake ni za oksidi, kwa mfano oksidi ya silikoni ikipishana na oksidi ya tantali, niobi au hafni, zilizopigwa juu ya kioo kimoja kwa nguvu kiasi kwamba hazina nafasi ya kunywa maji. Gundi haihitajiki, mwanga unaopita ndani ya ukanda huzidi asilimia 90, kingo za ukanda hukatika wima badala ya kuteremka polepole, na filta inaweza kusafishwa kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili bila hofu. Kampuni mbili za Marekani zinazojulikana zaidi katika kazi hii ni Semrock ya Rochester, jimbo la New York, na Chroma ya Bellows Falls, Vermont. Zote mbili huweka hadharani mikondo ya filta zao kwa kila nanomita, na kwa hilo peke yake nazipa heshima, kwa sababu mnunuzi aliye mbali hana kitu kingine cha kushika kabla ya kulipa.

Hakuna jozi inayouzwa kwa jina la sumukuvu ambayo ningeipendekeza kwa bei yake. Kilichotusaidia ni kuangalia jozi zinazotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya darubini, hasa zile za DAPI, rangi ya kutia kwenye DNA ambayo nayo humulikwa kwa urujuanimno na kung'aa buluu. Kwa kuwa maabara za biolojia duniani kote huzinunua, zinapatikana haraka, bei yake imeshuka ikilinganishwa na filta za kuagizwa maalumu, na vipimo vyake vinajulikana. Hata hivyo jozi mbili za DAPI zinaweza kutofautiana sana kwa kazi yetu, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Jozi ya pili tuliyoijaribu ni ya muundo wa 377/50 upande wa taa na 447/60 upande wa kihisi, ambayo Semrock huiuza kama seti ya DAPI. Ni filta nzuri, safi na imara. Ukanda wa kwanza unaanzia nanomita 352 hadi 402, na wa pili 417 hadi 477. Mng'ao wa B1 una kilele karibu na 425, hivyo kwa macho ya haraka huu ni ukanda uliokatwa kwa ajili yetu. Mng'ao wa sumu kweli ulisomeka mkubwa kuliko tulivyowahi kuuona. Lakini methanoli na maji bila sumu navyo vilisoma juu, si kwa kiasi cha jozi ya kwanza, ila kwa kiasi cha kutia wasiwasi, na tuliposhuku uchafu tukabadilisha methanoli, tukaosha kuveti ya kwatzi mara tatu na kuziba kila tundu la mwanga, usomaji haukushuka.

Mwanga huo haukuwa uchafu wala uvujaji. Ulikuwa mtawanyiko wa Raman, ule alioutangaza C. V. Raman nchini India mwaka 1928 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Molekuli ya maji ikipigwa na mwanga huirudisha sehemu ndogo sana ikiwa imepoteza kiasi maalumu cha nishati, na mwanga huo hutoka ukiwa na urefu mkubwa zaidi wa wimbi. Hakuna filta ya kuuondoa kwenye chanzo, kwa kuwa chanzo ni maji yenyewe. Unachoweza kufanya ni kujua utaangukia wapi. Mwanga wa nanomita 365 ukipita kwenye maji hutoa Raman karibu na 417, pale pale ambapo ukanda wa 447/60 unafungua mlango. Methanoli ina mtawanyiko wa ziada unaoangukia karibu na 408.

Jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo sasa ndilo ninaloliangalia kwanza kabla ya kitovu cha ukanda, ni ukingo wa juu wa filta ya upande wa taa. Taa ya LED ya 365 haitoi nanomita 365 peke yake. Ina mkia unaoteremka hadi 400 na kupita. Filta ya 377/50 inauruhusu mkia huo mpaka 402. Sasa mwanga wa nanomita 395 ukigonga maji hutoa Raman kwenye 456, na wa 402 huitoa kwenye 466, yaani katikati kabisa ya ukanda wa kihisi, mahali ambapo hakuna filta ya pili inayoweza kuutofautisha na mng'ao wa sumu. Kioo cheusi cha jozi ya kwanza kilikuwa na udhaifu huo huo, kwa sababu vioo vya namna hiyo hukata polepole na kuuachia mkia upite. Ninasisitiza kwamba hii si kasoro ya filta. Ilitengenezwa kwa darubini, ambako tone la maji ni jembamba kuliko karatasi na kiini cha seli kilichotiwa DAPI kinang'aa kwa nguvu. Sisi tuna sentimita nzima ya kimiminiko na sumu ya kuhesabika kwa nanogramu.

Jozi ya tatu ni ya muundo wa 350/50 na 460/50, ambayo Chroma huiuza pia kama seti ya DAPI. Upande wa taa unafungwa nanomita 375. Upande wa kihisi unaanzia 435 hadi 485. Ukipiga hesabu, mwanga wa mwisho unaoruhusiwa, yaani wa 375, hutoa Raman ya maji karibu na 430, ambayo inabaki nje ya mlango kwa nanomita tano. Kati ya kingo mbili kuna pengo la nanomita 60, ilhali jozi ya pili ina pengo la 15 tu. Gharama ya pengo hilo ni kwamba sehemu ya mng'ao wa B1 iliyo chini ya 435 inapotea, na kweli usomaji wa sumu ulipungua. Lakini usomaji wa kimiminiko tupu ulipungua zaidi, na katika kupima kitu kidogo uwiano kati ya viwili hivyo ndio unaoamua. Kwa mara ya kwanza tuliweza kuitofautisha sampuli yenye mikrogramu 2 kwa kilo na isiyo na sumu, bila kubahatisha. Jozi hii ndiyo iliyobaki kwenye chombo.

Kwa anayepima kwa njia nyingine hesabu inaweza kugeuka. Mwenye kromatografia ya kimiminiko, ambaye sumu zake zinatenganishwa kabla ya kufika kwenye kihisi, anaweza kufurahia ukanda mpana wa 447/60 akaukata mkia wa LED kwa filta nyembamba zaidi upande wa taa. Na anayemulika mahindi mabichi kwenye meza akitafuta mng'ao wa kijani-manjano ajue kwamba mng'ao huo si wa sumukuvu yenyewe. Unatokana na asidi ya kojiki inayotengenezwa na ukungu huo huo, na hakuna filta itakayoufanya kuwa kipimo cha kiasi cha sumu.

Hata filta bora inaweza kuharibiwa na mpangilio mbaya, na hili tulilifanya sisi wenyewe. Ili kukusanya mwanga mwingi tuliibana filta ya kihisi moja kwa moja kwenye ukuta wa kishikio cha kuveti, bila lenzi, tukaweka kihisi kipana nyuma yake. Filta za tabaka huhamisha ukanda wake kuelekea upande wa buluu mwanga unapoingia kwa mshazari. Kwa filta ya kawaida, ukingo wa 435 unashuka hadi takriban 421 kwa mwanga unaoingia kwa nyuzi 30, na hadi 407 kwa nyuzi 45. Pengo tulilolilipia lilikuwa linafutika kwa kila mwale uliokuja kwa upande. Tulipoweka lenzi moja ndogo kati ya kuveti na filta ili miale inyooke, usomaji wa kimiminiko tupu ulishuka siku hiyo hiyo. Lenzi hiyo iligharimu kidogo kuliko usafirishaji wa filta.

Kosa jingine lilikuwa kuongeza kioo cha manjano mbele ya filta ya kihisi tukidhani tunaimarisha ulinzi. Vioo vingi vya rangi vikipigwa na urujuanimno hung'aa vyenyewe, na mng'ao huo uko kwenye rangi ile ile tunayoitafuta. Ikiwa lazima kitumike, kikae nyuma ya filta ya utando, upande wa kihisi, ambako urujuanimno umeshazuiwa. Angalia pia mshale ulioko kwenye pete ya filta: watengenezaji hawakubaliani kama unaelekea kwenye taa au unafuata mwendo wa mwanga, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja na filta yako na usifuate mazoea ya filta nyingine.

Kuhusu bei, kila filta ya utando mgumu ya kipenyo cha milimita 25 ni ya mamia ya dola, na juu yake kuna usafiri, ushuru na siku ambazo mzigo unakaa ukisubiri karatasi. Kwa maabara ndogo hilo ni jambo zito na silidharau. Fedha zikitosha filta moja tu, wengi hukimbilia ya kihisi. Mimi ningenunua zote mbili kwa awamu, nikianza na ya kihisi yenye OD 6 kwenye nanomita 365, lakini nisingetoa majibu kwa mteja mpaka ya upande wa taa ifike. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mkondo wa OD kwa kila nanomita kuanzia 300 hadi 700, na hadi 1,100 kama kihisi chako ni cha silikoni, kwa sababu silikoni huona mwanga ambao macho yetu hayauoni. Muuzaji anayetuma namba moja ya wastani badala ya mkondo ameshakujibu.

Uangalizi wa kila wiki tunaufanya kwa kwinini, dawa ambayo kila mtu wa rika langu anaukumbuka uchungu wake. Salfeti ya kwinini iliyoyeyushwa katika asidi ya salfuriki hafifu hung'aa buluu karibu na nanomita 450 na hudumu vizuri ikiwekwa gizani. Usitumie asidi ya hidrokloriki wala maji ya bomba yenye chumvi, kwa kuwa kloridi huuzima mng'ao wake. Tunasoma kwinini, kisha tunasoma methanoli na maji bila sumu, na namba zote mbili zinaandikwa kwenye daftari lililofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Namba ya kwinini ikishuka huwa ni taa inayochoka au kuveti yenye alama za vidole. Ikipanda ile ya kimiminiko tupu, tunaitoa filta ya kihisi, tunaiinamisha dirishani na kuuangalia ukingo wake ndani ya pete.